Ukienda Arabuko-Sokoke, Nenda kwa Adabu

 

Ndugu zangu katika imani, wako miongoni mwetu, na baadhi yao ni watu wa safu ya kwanza msikitini, wanaoona kwamba Muislamu akichukua siku nzima kwenda kutembea msituni ameupoteza wakati wake kwa mambo ya watalii. Arusi ya siku tatu Mombasa haina neno. Kukaa barazani kutwa nzima kuchambua siasa za kaunti haina neno. Lakini msitu! Kuna nini huko ila miti na mbu? Basi leo nataka kuutetea msitu, tena huu ulio mlangoni petu, Arabuko-Sokoke, ambao tunaupita kwa matatu tukienda Kilifi na Mombasa bila hata kugeuza shingo.

Qur'ani imetuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame, tupate mazingatio. Imetufundisha pia kwamba hakuna jani linaloanguka ila Mola analijua, na kwamba kila kilichoumbwa kinamsabihi ingawa sisi hatufahamu tasbihi hiyo. Haya tumeyasoma tangu chuoni na wengi tumeyahifadhi. Lakini nikuulize, ewe ndugu yangu: mara ya mwisho kuliangalia jani likianguka, ukalifuata kwa macho mpaka likatua, ilikuwa lini? Tafakuri ni ibada, na ibada hii sisi watu wa mjini tumeiacha kwa kukosa mahali pa kuifanyia.

Mahali papo. Msitu huu una kilomita za mraba zipatazo 420, na katika misitu asilia ya pwani ya Afrika Mashariki iliyobaki, hakuna kipande kikubwa kuliko hiki. Nendeni mapema, mkishaswali alfajiri muingie njiani, kwa sababu jua likipanda wanyama hujificha na nyinyi mtachoka. Mlango wa Gede uko karibu na barabara kuu. Lipeni kiingilio, mchukue kiongozi anayeujua msitu, na ujira wake mumpe kamili bila kubishana naye kama mnanunua samaki.

Kuna sehemu mtakanyaga mchanga mweupe chini ya miti ya mirihi, mwanga umejaa. Mkiendelea, ardhi inageuka nyekundu, vichaka vinabana, na hapo ndipo anapokaa bundi wa Sokoke. Urefu wake haufiki shubiri. Mchana hulala tawini, mara nyingi wawili wawili, na rangi yake ama ni ya majivu ama ni ya kutu. Unaweza kusimama hatua chache mbele yake ukadhani unaangalia jani kavu, mpaka kiongozi akuoneshe kwa kidole, ndipo jicho la njano linafunguka nusu, linakutazama, linajifunga tena.

Hapa nataka tusimame kidogo. Ni nani kati yetu hakulelewa kumwogopa bundi? Akilia juu ya paa, nyumba nzima hukosa usingizi, na mgonjwa aliyemo ndani huanza kuliliwa angali hai. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikana itikadi hii waziwazi. Katika hadithi iliyo sahihi alipobatilisha imani ya nuksi aliitaja pia hama, na wanazuoni wengi wameifasiri kuwa ni bundi waliyemwogopa Waarabu wa zama za jahilia. Basi mpelekeni mtoto wenu akamwone bundi huyu mchana kweupe, amelala na mwenzake, kiumbe mdogo asiyejua lolote kuhusu mauti ya mtu. Somo la tauhidi analolipata hapo halitamtoka.

Yuko pia sange mwenye kiuno cha dhahabu, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga, akifukua majani kutafuta wadudu. Huishi dume na jike katika eneo lao moja, na hujitengenezea viota kadhaa vya majani ili adui asijue leo amelala kipi. Ile sehemu ya dhahabu ndiyo inayoonekana anapokimbia, na ngozi ya hapo ni nene kuliko ya mwili uliobaki, ili meno ya anayemfukuza yasimdhuru sana. Ametakasika aliyempangia hayo! Na wataalamu wanamjua mnana wa Clarke tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ndege wa njano na nyeusi asiyepatikana popote duniani ila Kaunti hii ya Kilifi. Lakini mahali anapotagia hapakugunduliwa mpaka 2013, kule Dakatcha. Miaka mia wanamtafuta kiota, na Mola wake alikuwa akimruzuku kila asubuhi.

Adabu ya huko haina mengi. Acheni spika nyumbani. Hata ya kasida, jamani. Kasida ina mahali pake. Mtume alipoeleza hadhi ya Makka alikataza miti yake isikatwe na mawindo yake yasishtuliwe. Sisemi Arabuko-Sokoke ni Haram, hilo halisemwi. Nasema tumefundishwa kwamba kumshtua mnyama ni jambo lenye uzito pale Allah alipopatukuza, na mwenye moyo laini hulichukua funzo hilo popote aendapo. Chupa na mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu Juni 2020, kwa hivyo chukueni maji kwa chupa za kudumu na chakula kwa vibakuli. Swala ya adhuhuri ikiwakuta humo, tandikeni mkeka muelekee kaskazini, kwani sisi na Makka tuko karibu mstari mmoja.

Mkiwa na nafasi, kabla ya kurudi pitieni magofu ya Gede. Msikiti mkuu uko hapo, kibla chake kingali kimesimama, na kisima cha kutawadhia kiko pembeni. Kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watu wa mji huo walikuwa Waislamu kama sisi, wana majumba ya mawe na vyoo ndani ya nyumba, wakila kwenye vyombo vya Kichina. Mji ukahamwa katika karne ya 17, miti ikaingia ndani ya vyumba. Surat al-Hajj imetaja visima vilivyoachwa na makasri yaliyobaki bila wenyewe. Someni aya hiyo mkiwa mmesimama pale.

Sasa nije kwenye lililo zito, na najua baadhi yenu halitawapendeza. Haifai mtu aende msituni Jumamosi, aseme subhanallah mbele ya kila ndege, kisha Jumatatu anunue gunia la mkaa usiku kwa mtu ambaye hakuulizwa ameutoa wapi. Bei yake ya chini inakwambia umetoka wapi! Vilevile kitanda cha mbambakofi kinachouzwa nusu bei, na kinyago cha muhuhu. Msitu ule ni amana ya umma. Anayeokota kuni kavu kwa kibali hana lawama. Anayeingia na msumeno wa moto usiku anaiba, na anayenunua akijua ni mshirika wake. Tena mimi namlaumu zaidi mnunuzi. Mkata miti mara nyingi ana watoto wenye njaa. Wewe unayeagiza magunia kumi kwa ajili ya mkahawa wako, njaa yako iko wapi?

Tumeona kwamba njia nyingine ipo. Tangu 1993, wakulima wa vijiji vinavyopakana na msitu wamekuwa wakifuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo pale Gede, na mabuu yaliyojifunga husafirishwa ng'ambo kwa maonyesho. Wengine wanafuga nyuki. Pato si kubwa, lakini ni halali, na linamfanya jirani wa msitu atake miti iendelee kusimama. Sasa tujiulize sadaka zetu za Ramadhani zinafika umbali gani. Mitaa ya mjini tunaizunguka nyumba kwa nyumba, lakini kule nyuma ya msitu, ambako majirani wengi si Waislamu, gari yetu ya mchele haijafika. Sadaka kumpa asiye Muislamu mwenye haja inafaa, na hakuna mwanachuoni atakayekukataza.

Nimeshazungumza na imamu. Watoto wa madrasa wataanza kwenda kwa zamu, wavulana Jumamosi moja na wasichana na walimu wao inayofuata. Mwenye gari la kuwabeba ajitaje baada ya swala. Na wenye mikahawa, naomba mbaki kidogo kibarazani, tuzungumze habari ya mkaa.