Mlo na Bei Yake

Mtu hula nyumbani kwa sababu ya njaa. Akila nje ya nyumba huwa na sababu nyingine pamoja na njaa, na mara nyingi sababu hiyo ya pili ndiyo itozwayo fedha nyingi kuliko ile ya kwanza. Jambo hili laonekana wazi mjini Musoma, ambako sato waliovuliwa usiku mmoja katika ziwa moja huweza kufikia meza mbili kabla ya adhuhuri. Meza moja ni ubao uliopigiliwa misumari karibu na mwalo wa Mwigobero, chini ya bati, na mpishi wake ni mama lishe. Meza nyingine imetandikwa kitambaa cheupe katika hoteli iliyojengwa penye miamba ya ufuko, na mpishi wake haonekani. Samaki ni wale wale, upepo ni ule ule, na unga wa ugali huenda umesagwa katika mashine moja. Bali malipo ya meza ya pili huzidi malipo ya meza ya kwanza mara kadha. Yafaa kuuliza ziada hiyo ni bei ya kitu gani, na kama kitu hicho chastahili bei hiyo.

Wenye haraka hujibu kuwa ni bei ya upuuzi. Jibu hilo lina ladha ya ucha Mungu, walakini halina haki. Mama lishe huuza samaki. Hoteli huuza samaki na alasiri nzima. Kwenye ubao wa Mwigobero aliyekwisha kula hana budi kuinuka, maana nyuma yake amesimama mwenye njaa na fedha mkononi. Penye kitambaa cheupe mtu huweza kukaa saa tatu juu ya sahani moja, akazungumza na mchumba, akapatana na mshitiri wa ng'ombe, au akanyamaza tu na kutazama ndege wa ziwani. Kimya ni bidhaa. Katika mji wenye pikipiki nyingi na vipaza sauti vingi, ni bidhaa adimu. Usafi nao ni bidhaa. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kikaenea katika mikoa mingi, jicho la kwanza la hofu liliangukia genge na ndoo ya maji iliyo wazi. Na aliyeweza kulipa zaidi ili ale bila ya hofu hakuwa mpumbavu, ingawa yafaa kukumbuka kuwa kitambaa cheupe huficha jiko, na genge halifichi kitu.

Historia yenyewe yashuhudia kuwa nyumba ya chakula haikuanza kwa anasa. Katika mji wa Paris, miaka ya 1760, jina ambalo Wafaransa huziita nyumba hizo lilikuwa jina la supu, supu ya kumrudishia nguvu mtu aliyedhoofika. Nyumba ilichukua jina la kilichomo chunguni. Basi abiria ashukaye Bunda asubuhi, barabara ya Mwanza na Sirari ikiwa mbele yake na usingizi wa basi ukiwa bado machoni, akaagiza supu ya makongoro na chapati mbili, yu karibu zaidi na asili ya jambo hili kuliko tajiri wa Paris ya leo. Analipa kidogo, anarudishiwa nguvu, anaondoka. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama supu ile ilistahili bei yake. Jasho la kipaji chake hujibu.

Lugha pia ina neno la kusema hapa. Kwa Waswahili hoteli ni kibanda chenye birika na benchi, na hoteli ni jumba lenye ghorofa na mlinzi mlangoni. Neno moja limebeba vyote viwili bila ya kulalamika. Lakini jina la mama ntilie limezaliwa kinywani mwa mteja mwenyewe, katika ombi la mwenye sahani kwa mwenye mwiko: mama, nitilie. Ndani ya jina hilo mna jambo lisilopatikana katika orodha ya bei. Anayetiliwa huomba, na anayetia hupima kwa jicho. Humjua mpagazi aliyetoka kupakua dagaa na humwongezea ukoko wa wali, na humjua karani aliyeishiwa kabla ya mwisho wa mwezi na humkopesha. Mlaji akishiba huondoka na deni, kama si la fedha basi la salamu, na kesho asipopita ataulizwa alikuwa wapi. Katika hoteli ya ghali mambo ni kinyume. Huko mtu hununua, pamoja na chakula, haki ya kutodaiwa neno. Akilipa amemaliza. Huenda hii ndiyo sehemu kubwa ya ziada ile, na si kila mtu ajuaye kuwa ameinunua. Kwa aliyechoshwa na macho ya ndugu na majirani, ni pumziko. Kwa mpweke ni hasara aliyoilipia.

Iko ziada ya namna nyingine, nayo ni ile ambayo bei yenyewe ndiyo kitu kinachonunuliwa. Mtu huagiza kilicho ghali kwa kuwa ni ghali, apate kuonekana akikiagiza. Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha maadili alipotofautisha ukubwa wa moyo katika matumizi na ushamba wa matumizi. Mwenye ukubwa wa moyo hutumia fedha nyingi palipo na jambo kubwa. Mshamba huwaandalia wenzake wa kila siku karamu ya kiasi cha harusi, asipate sifa ila ya kuwa ana fedha. Epicurus naye, ambaye jina lake limegeuzwa na watu kuwa jina la ulafi, alimwomba rafiki yake ampelekee kichungu cha jibini ili siku atakapotaka afanye karamu. Yaonekana kwamba mtu aliyezoea mkate na maji huweza kununua karamu kwa kipande cha jibini, na aliyezoea jibini hana budi kutafuta kitu cha ghali zaidi kila mwaka. Karibu na lango la Ndabaka hupita wageni waendao katika kambi za Serengeti ambako usiku mmoja, mlo ukiwa ndani yake, hugharimu mamia ya dola. Hapana haja ya kuwahukumu. Walakini mtu angependa kujua kama divai ya usiku wa saba huwa tamu kama ya usiku wa kwanza.

Hoja nzito zaidi ni ya mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, aliyoitoa mwaka 1972. Mtu apitaye kando ya bwawa akaona mtoto anazama, yapasa aingie majini hata kama nguo zake zitaharibika. Na kama ni hivyo, fedha za nguo hizo, au za karamu, zawezaje kutumiwa kwa starehe hali watoto wengine wanakufa kwa njaa mahali pasipoonekana? Musoma hoja hii haihitaji bwawa la kubuni. Ziwa liko pale pale, na watoto wa mwaloni wanaookota dagaa waliodondoka huonekana kutoka katika kiti cha hoteli. Hujibiwa kwamba fedha ya mlaji humlipa mhudumu, na mvuvi, na mkulima wa nyanya, na kwamba hoteli ikifungwa kwa sababu ya huruma mhudumu atarudi nyumbani bila ya mshahara. Jibu hilo ni la kweli kwa nusu yake. Hoja nayo ina udhaifu wake: haijui mahali pa kusimama, kwa kuwa yeye aachaye hoteli kwa ajili ya mwaloni aweza kuulizwa tena kwa nini hakula muhogo nyumbani. Lakini hoja yaweza kuwa dhaifu na bado ikakaa kooni kama mwiba wa samaki. Mhudumu asimamaye nyuma ya kiti akipeleka sahani ambayo huenda bei yake yazidi ujira wake wa siku si kama mwashi ajengaye jumba asilokusudia kukaa. Mwashi huweza kulisahau jumba jioni. Mhudumu ana njaa ya saa ile ile na harufu ya sahani ile ile.

Na ziko nyakati ambapo mlo wa ghali wa mtu mmoja hubadilisha mlo wa rahisi wa mtu mwingine aliye mbali naye. Sangara hakuwamo katika Ziwa Viktoria tangu mwanzo. Alitiwa humo katika miaka ya 1950 na 1960, na alipozidi, mamia ya aina za furu walipungua au walitoweka. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilisimama Mwanza na Musoma, na minofu hiyo ilipanda ndege kwenda Ulaya, katika meza zenye vitambaa vyeupe kuliko vya Musoma. Fedha iliingia, mitumbwi iliongezeka, watu walijenga nyumba za bati. Ni uongo kusema kuwa hapakuwa na faida. Lakini bei ya samaki mwaloni ilifuata bei ya kiwanda, na mwenyeji asiyeimudu minofu aliuziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya kisu cha kiwanda, ikakaangwa na kuuzwa. Jumuiya ya Ulaya ilipouzuia samaki wa ziwa hili mwaka 1999 kwa sababu za usalama wa chakula, ilidhihirika jinsi chungu cha kijiji kilivyofungwa kamba na sahani ya mbali. Mlaji wa Ulaya hakumkosea mtu. Alilipa alichodaiwa. Ila katika karatasi aliyopewa mezani mapanki hayakuandikwa.

Hapo ndipo watu hulitaja jina la Butiama, kana kwamba kulitaja ni kumaliza mjadala. Ni kweli kuwa Julius Nyerere alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20 mwaka 1966, na kwamba masharti ya viongozi katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 yaliwakataza mishahara miwili, hisa za makampuni na nyumba za kupangisha. Ni kweli pia kwamba alipoacha urais mwaka 1985 alirudi kijijini kwake kulima. Hata hivyo masharti yale hayakutaja sahani, wala serikali yake haikuacha kuwaandalia wageni dhifa za taifa. Katika maandiko yake ya mwaka 1962 juu ya ujamaa aliikumbusha mithali ya mgeni wa siku mbili, ambaye siku ya tatu hupewa jembe; na wanaoipenda jembe husahau kwamba siku mbili za kwanza mgeni alilishwa, na alilishwa vizuri, pengine kuku pekee aliyekuwamo bandani. Kwa Wazanaki na jirani zao, kama kwa watu wengi wa bara hili, mlo mkubwa haukuwa dhambi. Ulikuwa wa mwingine. Kosa la hoteli ya ghali, kama ina kosa, si ukubwa wa gharama yake bali ni kwamba yamwezesha mtu kuwa mwenyeji na mgeni wa nafsi yake peke yake.

Ichukuliwe habari ya kijana wa Butiama aliyepata kazi ya mshahara Musoma. Mwisho wa mwezi alimleta mama yake mjini, akampeleka katika hoteli ya ufukoni. Wenzake walimcheka kabla, wakisema kwa fedha ile angemnunulia madebe mawili ya mahindi, na hesabu yao ilikuwa sahihi. Lakini mama yule alikuwa amepika na kuandaa maisha yake yote. Hata kwa mama lishe asingekaa, angeinuka kusaidia kufunika sufuria. Katika hoteli hapakuwa na sufuria ya kufunika. Alikaa. Kijana alikuwa amenunua kukaa kwa mama yake, na kitu hicho hakikuuzwa kwa bei ndogo mahali pengine popote mjini. Hapa mtu aweza kusema bila ya woga kwamba bei ilistahili.

Ililetwa minofu ya sangara juu ya sahani pana, na ndimu pembeni. Mama aliitazama, akaigeuza kwa ncha ya uma.

"Mwanangu, kichwa kiko wapi?"

"Mama, hapa hawaleti kichwa."

Hakuridhika. Alimwita mhudumu, kijana wa umri wa mwanawe, akamwuliza kwa upole, "Baba, kichwa cha samaki huyu anakula nani?"

Mhudumu alitazama mlango wa jikoni, akacheka kwa haya. "Tunakula sisi, mama. Huko ndani, jioni."

"Mnakipika na nini?"

"Nyanya na pilipili, na ugali wa muhogo."

Mama aliinamia minofu yake isiyo na mfupa, akala yote, kwa kuwa haikuwa desturi yake kuacha chakula. Kijana alipokwenda kulipa na kurudi, hakumkuta mezani. Alikuwa amesimama penye mlango wa jiko, mkoba wake mkononi, akizungumza na mpishi.