Ngoma Ikivuma Sana

Wazee wetu husema, "Ngoma ikivuma sana hupasuka." Na wazee wa sharika hutuuliza mara kwa mara: Je, vijana wazuiwe wasiende kwenye disko? Kabla ya kujibu, yafaa tuijue asili yake.

Mwaka 1970, mjini New York, David Mancuso alianza kuwaalika rafiki zake nyumbani kwake wacheze kwa santuri usiku kucha. Mtu huyu alilelewa katika nyumba ya yatima, na mtawa aliyewatunza alikuwa akiwapigia watoto santuri ili wafurahi pamoja. Jambo hilo hakulisahau. Kwake pombe haikuuzwa. Nao waliokuja walikuwa weusi kwa weupe, wenye mali na maskini, hata wale waliofukuzwa penginepo kwa sababu ya namna ya mapenzi yao. Tena waimbaji wengi wa muziki ule walikuwa watu weusi waliojifunza kuimba makanisani.

Lakini biashara ilipoingia, mambo yaligeuka. Mwaka 1977 ilifunguliwa Studio 54 katika mji uleule, na mmoja wa wenyewe alikuwa akisimama mlangoni na kuchagua: huyu aingie, yule arudi. Ngoma iliyozaliwa kwa kukaribisha ikawa ya kubagua. Ikavuma mno, ikapasuka. Tarehe 12 Julai 1979, huko Chicago, santuri za disko zililipuliwa katika uwanja wa michezo mbele ya maelfu ya watu, nao wakauvamia uwanja kwa fujo.

Je, ilikufa? La. Katika Chicago hiyohiyo Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri katika jumba la Warehouse, na humo ukakua muziki uitwao hausi, uliokwisha kuenea duniani.

Hatusemi kwamba kila ngoma ni njema. Ulevi na uasherati wa usiku twaujua. Lakini tusiihukumu kwa kishindo chake tu. Na tuulize: Nani hukaribishwa, na nani huachwa nje? Kisha tujiulize sisi wenyewe: kijana yule aendaye ngomani, alipobisha kwetu, alifunguliwa?

Kipasukacho ni ngozi ya ngoma. Haja ya mtu ya kufurahi pamoja na wenzake haipasuki. Isipopata mlango kwetu, itatafuta mlango mwingine.