Mtoto Aliyepokewa Wala Asisomeshwe

 Mas'ala tutakayo kuwaeleza ndugu zetu Waislamu ni haya: skuli ikijaa hata mwalimu asiwaweze watoto wake, ni nani aliyedhulumiwa, na dhambi yake i juu ya nani?

Katika Kenya ada ya skuli za msingi iliondolewa mwaka 2003, wakaingia watoto zaidi ya milioni moja juu ya waliokuwapo. Hilo lilikuwa jambo la kheri, kwani mtoto wa maskini ana haki ya elimu kama mtoto wa tajiri. Lakini tangu mwaka 1998 serikali ilikuwa imekwisha kuzuia hesabu ya waalimu isizidi. Basi mlango ukapanuliwa, na wenye kuwapokea watoto ndani wakabaki wale wale. Kipimo kilikuwa watoto 40 kwa mwalimu mmoja. Yakaonekana madarasa ya watoto 80 na zaidi.

Natufanye hesabu. Kipindi kikiwa dakika 40 na watoto 40, fungu la kila mmoja ni dakika moja. Wakiwa 80, ni nusu dakika. Wa mbele watajibu, wa nyuma watanyamaza, wala mwalimu hatajua kuwa wamefahamu au hawakufahamu. Sisi watu wa pwani twalijua hili kwa vyuo vyetu vya Kurani: kila mtoto husoma mbele ya mwalimu wake, na kosa lake husahihishwa yeye peke yake. Watoto wakizidi, hapana budi yuko atakayerudi kwao hakusikizwa.

Akisema mtu: Imesimuliwa kuwa Dhahhak bin Muzahim alikuwa na chuo chenye watoto 3,000, naye akiwazungukia juu ya punda. Tutamjibu: Punda humfikisha mwalimu kwa mtoto, lakini hairefushi saa. Kuwaona watoto si kuwasomesha.

Akisema mwengine: Basi na warudishwe waliozidi. Tutamjibu: La. Aliyerudishwa amekosa kingi na kidogo, na watakaorudishwa ni wale wasio na mtu wa kuwasemea. Dawa ya uchache wa waalimu ni kuongeza waalimu. Na mwenye kuandika jina la mtoto katika daftari amechukua amana, na amana hiyo haitimizwi kwa kumpa mahali pa kukaa tu.

Ama dhambi, si juu ya mwalimu aliyejitahidi. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyekufa mwaka 870, aliandika kitabu cha adabu za waalimu, akawalazimisha kuwafanya watoto sawa, wa mkubwa na wa mnyonge. Lakini atawafanyaje sawa asiyeweza hata kuwajua majina? Dhambi ni juu ya serikali kwanza, kwani ndiyo iliyofungua mlango na ndiyo yenye kushika kodi za watu. Kisha ni juu yetu sote, kwani kusomesha ni katika fardhi kifaya: wakisimama wa kutosha, wengine husalimika, wasiposimama, sote tumo.

Na hapa pana aibu yetu. Mtu wetu akitaka thawabu hujenga chumba cha darasa, akaandika jina lake juu ya mlango. Mshahara wa mwalimu hauandikiki ukutani, basi hauna mwenye kuupenda. Waliotutangulia hawakuwa hivi: Nizamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, iliwekewa wakfu wa kuwalipa waalimu na kuwakimu wanafunzi.

Basi nasaha yetu ni hii: asijenge mtu chumba ila baada ya kuuliza ni nani atakayesimama ndani yake. Mwenye nyumba ya kupangisha naaweke wakfu fungu la pato lake kwa mshahara wa mwalimu, na mwenye elimu naatoe saa zake. Kuta hazisomeshi. Na kwa Mwenyezi Mungu ndiko tutakako taufiki.