Mbuzi wa sare

Mwezi uliopita mimi na familia tuliwatembelea rafiki zetu Mlalo, milimani Lushoto. Jioni, kwenye baridi ile, tukachinjiwa mbuzi. Tukala, tukashukuru. Asubuhi mtoto wa mwenyeji akamwambia wangu kwamba mbuzi yule alikuwa wa kuuzwa, yeye anunuliwe sare za shule.

Nilinyong'onyea. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na akamkataza mgeni kukaa hata amtie mwenyeji dhiki. Sisi tuliileta usiku wa kwanza! Kulipa ni kumvunjia heshima. Kunyamaza ni kula sare ya mtoto. (Wao wakija Dar, tunauliza wanaondoka lini.)

Nikampa kijana fedha, kama baba yake mdogo. Baba yake alipojua, alinyamaza, kisha akatupakilia gunia la viazi.