Je, Kisu cha Daktari Kinamkosoa Muumba?



Jumapili moja baada ya ibada ya pili, dada mmoja alinisubiri pale mlangoni mwa ofisi. Kope yake ya kushoto imelegea tangu azaliwe, inafunika karibu nusu ya mboni. Akaniuliza, "Pastor, daktari anasema anaweza kuiinua. Nikikubali, si nitakuwa namwambia Mungu alikosea?"

Nilikuwa na haraka. Nikamjibu, "Dada, Mungu hakosei. Umeumbwa vizuri." Akasema asante, akaenda. Mimi nikadhani nimemtia moyo.

Wiki iliyofuata mamake alinieleza nisichojua. Msichana huinua kidevu ili aone mbele, na kila jioni paji la uso linamuuma kwa sababu ya kuinua nyusi mchana kutwa. Tena mara mbili, katikati ya mahubiri, mhudumu wetu alimgusa bega akidhani amelala. Hapa hapa kanisani. Niliona aibu.

Nilisomea biashara, si udaktari, kwa hivyo nilienda kuuliza. Ndani ya kope kuna msuli mdogo wa kuiinua. Ukiwa dhaifu, daktari wa upasuaji huufupisha au kuukaza. Kwa mtoto mdogo jambo hili halingoji. Kope ikiziba mboni, ubongo haujifunzi kuona kwa jicho hilo, na baadaye hata kope ikiinuliwa, uwezo wa kuona huenda usirudi wote. Hebu fikiria mama mwenye mtoto mchanga akiambiwa lile jibu langu tamu! Lingemgharimu mtoto jicho.

Kule Turkana, Narok na Baringo kuna wazee wenye trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Makovu huikunja kope kwa ndani, na nywele zake zikaikwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Upasuaji mfupi huigeuza kope irudi nje. Sijawahi kusikia Mkristo akimuuliza nyanya kama huyo iwapo anamkosoa Muumba. Kwa hivyo shida yetu si kisu. Tunaogopa neno urembo.

Soma Yohana sura ya 9. Wanafunzi walimwona kipofu wakataka kujua nani alitenda dhambi. Yesu hakumwambia akae hivyo kwa kuwa ndivyo alivyozaliwa. Alimpaka tope machoni, akamtuma akanawe. Na usiku aliokamatwa, Malko alipokatwa sikio, Yesu aliliponya. Mtu akipoteza sikio la nje bado husikia, lakini Bwana hakusema hiyo ni sura tu. Alimrudishia adui yake uso mzima.

Sasa, sisemi kila upasuaji ni sawa. Wako wanaotaka kuondoa mifuko chini ya macho au ngozi iliyolegea kwa umri, wengine wakikopa ili wafanane na picha za kwenye simu. Luka 14 inatufundisha kuhesabu gharama kabla ya kujenga, na gharama si shilingi peke yake. Ngozi ikikatwa kupita kiasi, jicho halifungi vizuri na linakauka. Kwa nadra, damu huvuja nyuma ya jicho na mtu akapoteza kuona.

Mwanzoni nilifikiri swali la kumpima mtu ni hili: ungeyataka haya kama hakuna angekuona? Lakini swali hilo halitoshi, maana tumepewa nyuso ili tuonane. Siku hizi nauliza hivi: je, upasuaji huu utakurudisha kati ya watu, au unataka kujificha usijulikane wewe ni nani? Na kama unajificha, ni nani aliyekucheka? Huenda dhambi ya kwanza ni yetu tuliocheka.

Nilimpigia yule dada simu nikamwomba msamaha. Sikumchagulia. Alisema ataamua na mamake na daktari, na akaniomba nimwombee. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ningeifanya tangu siku ile ya kwanza kama ningeketi nikasikiliza.

Wapendwa, Jumapili hii ukiona jirani amefumba macho, usimguse bega. Msalimie kwanza, ujue jina lake.

Mungu awabariki.