Jina la Mbegu ni Ahadi

Wazee wetu walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Wengi hudhani neno hili ni la wenye maduka tu. Lakini sisi twaona kwamba lamhusu hata mkulima mwenye shamba dogo la mihogo. Tena kwake daftari hailindi mali peke yake, bali hulinda kweli.

Miti ya muhogo mchungu na miti ya muhogo mtamu, ikiisha kukatwa na kufungwa matita kivulini, hufanana sana. Aliyeikata ndiye ajuaye. Naye akisahau, hapana wa kumwuliza mpaka mizizi ikomae, na hiyo ni miezi minane, au mwaka, au zaidi.

Siku moja mama mmoja, jirani yetu, alikuja kuomba mbegu ya muhogo mtamu, apate kuwachemshia wanawe. Tulikuwa na matita mawili. Tuliyafungia vikaratasi vyenye majina, lakini mvua ilifuta wino, na mchwa wakala karatasi. Tuliona haya kusema, "Hatujui," maana sisi ni walimu. Tukampa tita moja, tukasema, "Huu ndio mtamu."

Usiku ule hatukupata usingizi. Je, tulisema uongo? Huenda tita lile lilikuwa la muhogo mtamu kweli. Lakini mtu asemaye asilolijua kana kwamba alijua, hata neno lake likitokea kuwa kweli, amemdanganya mwenzake. Yule mama hakupokea miti tu. Alipokea na ujuzi wetu, nao hatukuwa nao.

Wala hatari yake si ndogo. Muhogo mchungu una sumu nyingi, nao haufai kuchemshwa tu na kuliwa. Sharti umenywe, ulowekwe siku kadhaa, kisha uanikwe juani. Mwaka 1981, huko Nampula, Msumbiji, wakati wa ukame na njaa, watu walikula mihogo michungu bila kuitengeneza vya kutosha, na zaidi ya 1,000 walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Hao waliharakishwa na njaa, ingawa walijua kwamba mihogo yao ni michungu. Je, aliyeambiwa kwamba wake ni mtamu, atajihadhari kwa lipi?

Kulipopambazuka tulikwenda kwa yule mama, tukamweleza yote. Alikuwa amekwisha kupanda. Hakukasirika, ila alisema, "Mwalimu, umefanya vema kuniambia. Nitaihesabu yote kuwa michungu, niiloweke." Basi neno moja la kukiri lilitosha kuwakinga watoto wake.

Tangu siku hiyo twaandika majina kwa msumari juu ya vipande vya bati, na kila tita twalifungia chake kwa waya. Tena twaandika katika daftari mistari ya shamba, kila mstari na aina yake, tukianza kuhesabu penye mwembe. Na tita lililopotewa na jina twaliandikia, "Halijulikani." Hilo nalo ni jina, tena ni jina la kweli.

Ndugu msomaji, mbegu hupita mikono mingi, na kila mkono huuamini ule uliotangulia. Ukimpa jirani mbegu, mpe na jina lake. Na kama jina hulijui, usione haya kumwambia hivyo, apate kujua la kufanya.