Lebo ya Jazi na Vitabu vya Historia Yake

Lebo ya muziki ni nini hasa? Ni watu walioianzisha, wanamuziki waliopiga, santuri zilizouzwa, au jina linaloweza kuhama kutoka kwa tajiri mmoja kwenda kwa mwingine? Kila kitabu kuhusu Blue Note Records ya New York kina jibu lake, na anayechagua kitabu huchagua pia jibu hilo.

Jibu lililozoeleka ni waanzilishi. Alfred Lion, mzaliwa wa Berlin, aliwarekodi wapiga piano Albert Ammons na Meade Lux Lewis Januari 1939. Mwaka huohuo rafiki yake wa ujanani, mpiga picha Francis Wolff, Myahudi kama yeye, aliikimbia Ujerumani ya Wanazi akaja kushirikiana naye. Mwingereza Richard Cook ameisimulia safari yao vizuri katika *Blue Note Records: The Biography*, tena kwa sikio la mhakiki asiyesifu kila kitu. Lion na Wolff waliwalipa wanamuziki hata kwa mazoezi ya kabla ya kurekodi, jambo lililokuwa nadra kwa lebo ndogo, na heshima wanayopewa ni haki yao.

Vitabu vya majalada, yenye picha za Wolff na usanifu wa Reid Miles, vinapendeza macho. Lakini Miles mwenyewe hakuwa mpenzi wa jazi, na vitabu hivyo haviwezi kumweleza msomaji kwa nini muziki ule ulipigwa.

Swali zito zaidi linajitokeza katika kitabu kikavu kuliko vyote: diskografia ya Michael Cuscuna na Michel Ruppli, iliyotoka mwaka 1988. Ndani yake hamna kisa. Mna tarehe, majina ya wapigaji na namba za kanda, zikiwemo kanda ambazo Lion hakuzitoa. Humo Tina Brooks anaonekana kwa kimo chake. Mpiga saksofoni huyu aliongoza vikao vinne vya kurekodi kati ya 1958 na 1961, lakini hadi anafariki mwaka 1974 ni santuri moja tu, *True Blue*, iliyokuwa imetoka kwa jina lake kama kiongozi. Nyingine ilishapewa namba na jalada, kisha ikabaki ghalani. Je, kazi ambayo hadhira haikuisikia ni sehemu ya historia? Akijibu hapana, mwandishi anaifanya hukumu ya mwenye mali kuwa ndiyo ukweli. Cuscuna, aliyeanza kuzipekua kanda hizo mwaka 1975, alijibu ndiyo, na jibu lake ndilo la haki: pumzi ya mpigaji ilikwisha kutoka, soko liwe limeipokea au halikuipokea. Kwa hiyo masimulizi yoyote kuhusu lebo hii yanafaa kupimwa kwa diskografia.

Halafu kuna jina. Lebo iliuzwa kwa Liberty Records katikati ya miaka ya 1960. Lion alistaafu 1967, Wolff akafariki 1971, na mwaka 1985 jina likafufuliwa chini ya kampuni ya EMI. *Uncompromising Expression* cha Richard Havers, kilichotoka 2014 lebo ilipotimiza miaka 75, kinayachukulia yote hayo kuwa maisha ya kitu kimoja. Hoja hiyo ina udhaifu: umiliki wa kanda hurithishwa kwa mkataba, ilhali imani ya Lion kwa wanamuziki wake haikuandikwa katika mkataba wowote.

Kitabu kimoja kisichohesabiwa kuwa historia ya lebo kinapaswa kuwekwa kando ya hivi: *Four Lives in the Bebop Business* cha A. B. Spellman, cha mwaka 1966. Wote wanne wanaosimuliwa humo, wakiwemo Jackie McLean na Herbie Nichols, walirekodiwa na Blue Note. Nichols alirekodi tungo zake huko mwaka 1955 na 1956, lakini riziki yake aliendelea kuitafuta kwa kupiga muziki wa mtindo wa kale ambao haukuwa chaguo lake, hadi alipofariki mwaka 1963. Kwa Spellman, lebo ni kituo kifupi katika maisha ya mwanamuziki, na sehemu kubwa ya maisha hayo ilipita nje ya studio.